Friji linamaliza betri saa tisa usiku. Nilizime usiku au tatizo liko kwingine?

#1 KisaraweNdani
Wakuu, habari za majukumu. Naishi shamba, Kisarawe ndani kabisa, nguzo za umeme hazijafika. Nina paneli mbili za wati 200, betri moja ya jeli ya volti 12 na Ah 200 (ampea-saa), inverta ya wati 2000, na friji la mlango mmoja lita 150 lenye kachumba ka kugandishia juu. Taa zote ni LED, tivi ndogo inawaka mpaka saa nne.

Mchana mambo safi. Usiku ikifika saa tisa hivi inverta inaanza kupiga kelele, halafu inakata. Kinachonichanganya ni kwamba alfajiri kabla jua halijatoka nikipima betri nakuta 12.2. Kama imeisha, hiyo 12.2 inatoka wapi?

Jirani ananiambia friji la sola huzimwa saa mbili usiku na kuwashwa asubuhi, basi. Wengine wanasema ukifanya hivyo asubuhi linakula mara mbili na kompresa inakufa mapema. Nani yuko sahihi? Naomba mwenye namba aje na namba.

#2 BetriMoja
Jirani yako kasema kweli. Mimi niko Mkuranga, friji langu nalizima kila siku jioni na mlango haufunguliwi mpaka asubuhi. Maziwa hayajawahi kuchacha na betri yangu ina mwaka wa nne. Zima ulale.

#3 FundiBaridi
#2, hilo ni friji lako na betri yako. Huyu tumjue kwanza.

Friji la lita 150 likishazunguka linavuta kama wati 90. Lakini pale kompresa inapoamka inaomba mara tano au sita ya hapo kwa muda mfupi sana. Wati 500 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 40. Mkuu #1, waya wa kutoka betri kwenda inverta ni wa milimita ngapi, na urefu gani?

#4 KisaraweNdani
Milimita 6. Urefu kama mita nne, maana betri iko stoo na inverta iko sebuleni.

#5 FundiBaridi
Nilijua. Mita nne kwenda na nne kurudi, hiyo ni mita nane za shaba. Waya wa milimita 6 kwa urefu huo una ukinzani wa kama omu 0.023. Pitisha ampea 45 za kuamsha kompresa, umepoteza volti moja nzima njiani. Betri iko 11.5, inverta inaona 10.5, inakata. Ikishakata mzigo umetoka, betri inapanda tena, na alfajiri unakuta 12.2 yako.

Betri haijaisha. Weka waya wa milimita 25 na usogeze inverta karibu na betri. Anza hapo kabla hujanunua kitu kingine chochote.

#6 Mwalimu_Chaki
Salaam wote. Hesabu ya Fundi ya waya ni sahihi. Hitimisho lake ndilo sikubaliani nalo.

Betri yoyote ya risasi, na ya jeli ni mojawapo, ukiiondolea mzigo hupanda yenyewe hata kama waya ni mnene kama mkono. Volti 12.2 baada ya kupumzika masaa matatu maana yake imebaki kama nusu. Na nusu ndiyo mwisho wa kuitumia betri ya jeli kama unataka idumu. Kwa hiyo kwa mahesabu yangu betri imefanya kazi yake yote halali, mkuu.

Tuweke mapato na matumizi. Paneli wati 400, jua la kueleweka kama masaa matano kwa siku, toa robo kwa joto, vumbi, waya na chaji: unavuna wati-saa 1500. Sasa matumizi. Friji wati 90 likizunguka nusu ya muda ni wati-saa 1080 kwa siku. Inverta yenyewe kukaa macho, tuseme wati 20 mfululizo, ni 480. Taa na tivi 150. Jumla 1710, na hapo sijatoa kinachopotea ndani ya betri wakati wa kuchaji na kutoa, ambacho kwa risasi ni kama asilimia 15 mpaka 20.

Unatumia kuliko unavyovuna. Waya mnene hauongezi mavuno.

#7 Kiboko_wa_Rufiji
Mwalimu kafuta ubao kaandika upya. Fundi, mpira uko kwako.

#8 FundiBaridi
Mwalimu ameweka nusu ya muda kama vile amekaa na lile friji. Friji zuri, limekaa mahali pazuri, linazunguka theluthi moja tu ya muda. Hapo ni wati-saa 720, na hesabu yake yote inageuka.

#9 PwaniTulivu
Nawasikiliza kutoka Kilwa. Nyote mnapita juu juu kwenye inverta. Hiyo 480 ya kukaa macho ni nyingi mno, karibu nusu ya friji lenyewe, na haigandishi hata tone. Inverta ya wati 2000 kuendesha friji la wati 90 ni basi zima kumbeba abiria mmoja.

Mkuu #1, toa kila kitu kwenye inverta, iache imewashwa peke yake, pima ampea zinazotoka kwenye betri. Halafu angalia kibandiko: ni ya wimbi safi, yaani umeme laini kama wa gridi, au ile ya ngazi, inayopanda na kushuka kwa vidato?

#10 KisaraweNdani
Nimepima sasa hivi. Ikiwa peke yake inavuta ampea 1.7. Kwenye kibandiko hawajaandika wimbi safi popote. Na friji likiwaka linanguruma kidogo, zamani nilikuwa nalo mjini halikuwa hivyo.

#11 PwaniTulivu
Ampea 1.7 ni wati 20 na ushee. Mwalimu alikisia vizuri. Na huo mngurumo ni mota ya kompresa inalishwa wimbi la ngazi. Inapata joto zaidi, inavuta zaidi kwa kazi ileile, na haitadumu. Nunua inverta ndogo ya wimbi safi, yenye uwezo wa kuvumilia mshtuko wa kuamka.

#12 FundiBaridi
Ndogo kiasi gani? Ukimpa ya wati 500 haitaamsha friji hilo, itakata kila mara. Asiende chini ya 1000 ya wimbi safi ya kweli. Na ile hali ya kusinzia ambayo baadhi ya inverta zinayo, kwa friji haifai sana, thamostati inapowasha kompresa inverta inachelewa kuamka au inaamka na kulala.

#13 MamaWawili_Handeni
Samahani kaka zangu, mmeuliza waya, mmeuliza wimbi, hakuna aliyeuliza humo ndani ya friji kunaingia nini na linafunguliwa mara ngapi. Kaka #1, nyumbani kwako nani anatumia friji na analitumiaje?

#14 KisaraweNdani
Dada swali zuri. Tuko sita. Mboga, maziwa, maji ya kunywa. Halafu mke wangu anatengeneza barafu za ubuyu na ukwaju, anauzia watoto wa shule ya msingi hapo jirani. Anachemsha jioni, anafunga kwenye vimfuko, anaingiza kama saa moja usiku ili asubuhi ziwe zimeganda. Kama kilo tano hivi kwa siku.

#15 MamaWawili_Handeni
Si unaona! Kilo tano za ubuyu uliotoka jikoni zinaingia saa moja usiku, jua limezama, halafu tunatafuta mchawi kwenye waya.

#16 Mwalimu_Chaki
Dada #13 amenipita mbali. Ngoja niweke namba.

Kilo moja ya maji kuganda tu, kutoka maji ya sifuri hadi barafu ya sifuri, unatakiwa kuiondolea kilojuli 334, ambazo ni kama wati-saa 93. Kilo tano ni 464. Kabla ya hapo uzishushe kutoka nyuzi 28 mpaka sifuri, ni 163 nyingine. Jumla karibu 630 za joto. Friji dogo kwa kila uniti moja ya umeme linahamisha joto la kama uniti moja na nusu, kwa hiyo ni zaidi ya wati-saa 400 za umeme. Kompresa ya wati 90 itazunguka masaa manne na nusu kwa ajili ya ubuyu peke yake, na yote usiku, yote kwenye betri. Na kama unaingia ungali wa moto kutoka jikoni, ongeza.

#17 BetriMoja
Kwa hiyo angezima saa mbili kama nilivyosema, tatizo lingekuwa limekwisha.

#18 MamaWawili_Handeni
#17, ukizima saa mbili ubuyu haugandi na mke wa kaka hauzi. Hiyo ni hela ya daftari za watoto. Biashara isife, ibadilishwe saa. Achemshe jioni, uache upoe nje usiku kucha kwenye sufuria iliyofunikwa, asubuhi afunge mifuko, aingize saa tatu au saa nne jua likishapanda. Jua ndilo ligandishe. Jioni zimeganda, anauza kesho yake. Anachopoteza ni siku moja ya mwanzo tu, baada ya hapo mzunguko unaenda. Mimi maandazi na juisi nimeendesha hivyo kwa sola na sijawahi kulala gizani.

#19 KisaraweNdani
Dada asante, nimemsomea mama watoto, anasema Handeni wana akili. Kesho tunaanza.

#20 Nesi_wa_Kata
Habari zenu. Nataka nirudi kwa #2 na #17 kwenye hili la kuzima usiku, maana kuna watu watasoma na kufuata.

Friji lililozimika bila kufunguliwa, vyakula vya kuharibika haraka kama nyama, samaki na maziwa huhesabiwa salama kwa kama masaa manne. Kutoka saa mbili usiku mpaka saa moja asubuhi ni masaa kumi na moja. Kama nyumbani kuna mtu wa sukari anayetumia insulini, ndiyo kabisa: ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na isigande. Iliyoanza kutumika nyingi huvumilia joto la kawaida la chumba kwa kama wiki nne, lakini kiwango cha joto kinategemea aina, soma karatasi yake.

Zahanati yetu haina umeme wa gridi na chanjo hazijawahi kuharibika. Friji la chanjo tulilonalo halina betri kabisa. Paneli zinaingia moja kwa moja kwenye kompresa. Kuta zake ndani zina barafu iliyofungiwa. Mchana jua linagandisha ile barafu, usiku barafu inatunza chanjo. Hata zikija siku za mawingu mfululizo linavumilia. Wazo ni lilelile la kuzima usiku, lakini limejengewa akiba ya baridi. Kuzima bila akiba ni kubahatisha.

Na tafadhali msituombe tuwawekee soda humo. Kila kufungua mlango ni joto linaingia kwenye chanjo za watoto wenu.

#21 BetriMoja
Nesi nimekusoma. Kwangu kwenye kachumba ka juu kuna chupa za maji zilizoganda, jioni nazishusha chini. Sikuandika mwanzoni kwa sababu niliona ni kitu cha kawaida.

#22 Mwalimu_Chaki
#21, hicho ulichokiona cha kawaida ndicho jibu lenyewe! Chupa nne za lita moja na nusu ni lita sita za barafu, zinabeba baridi ya karibu wati-saa 560. Friji la kaka hapa, mlango ukiwa umefungwa, usiku kucha linavuja kama 600 na kitu. Kwa hiyo chupa hizo karibu zinafidia usiku wote. Na friji lililoachwa lipande joto kidogo linavuja pungufu kuliko lile linalolazimishwa kubaki kwenye nyuzi 4, maana uvujaji unafuata tofauti ya joto la ndani na nje. Wanaosema asubuhi linakula mara mbili, hapana. Linazunguka muda mrefu asubuhi, kweli, lakini jumla ya siku haizidi, inapungua kidogo. Na asubuhi linakula jua moja kwa moja, halipiti kwenye betri.

#23 FundiBaridi
Hapo Mwalimu nakubali, ila kachumba ka friji la lita 150 kagandishe lita sita za chupa na kilo tano za ubuyu kwa siku moja? Hakatoshi, hata nafasi tu haipo. Achague moja.

Na anayezima kwa taima au kwa mkono asiwashe na kuzima papo hapo. Kompresa ikizimwa inahitaji dakika tatu mpaka tano shinikizo la gesi lisawazike pande zote mbili. Ukiiwasha kabla inagoma kuzunguka, inavuta ampea za kuamka bila kuamka, hiyo ndiyo inaua kompresa. Kuzima mara moja usiku hakuiui.

#24 Nyika_Kajiado
Wadau, hamjambo kutoka Kajiado. Hata hapa kwetu boma nyingi ziko mbali na stima. Mimi niliachana na friji ya mlango wa mbele kabisa. Nilichukua friza ndogo ya kulala, ile inafunguka juu, nikaiwekea kidhibiti joto cha nje chenye kihisio cha waya, nikakiset nyuzi 4. Friza ikifika 4 kinakata umeme, ikipanda kinawasha. Sasa inafanya kazi kama friji. Mita yangu inasoma chini ya 0.3 uniti kwa siku, yaani wati-saa 300.

Sababu ni mbili. Ukuta wa friza ni mnene kuliko wa friji. Na baridi ni nzito, hukaa chini, ukifungua kifuniko haimwagiki. Friji ya kawaida ukifungua mlango baridi yote inakushukia miguuni.

#25 Kiboko_wa_Rufiji
0.3? Kwa friji la familia? Weka picha ya mita.

#26 PwaniTulivu
#25, inawezekana kabisa, kuna watu huko Australia wameifanya miaka mingi na namba zao ni ndogo hata kuliko hizo. Lakini ndugu wa Kajiado hajasema upande wa pili. Huku pwani unyevu ni mwingi, chini linajaa maji, kila wiki unafuta. Na ukitaka nyanya iliyoko chini unatoa kwanza kila kilicho juu yake. Mwenye familia ya watu sita atachoka.

#27 Nyika_Kajiado
Vikapu, ndugu yangu. Napanga kwa vikapu, cha maziwa, cha mboga. Maji kidogo yapo, sikatai, lakini hapa kwetu hewa ni kavu. Pengine huko Kilwa ni hadithi nyingine.

#28 Babu_Ndanda
Vijana, sisi tumekua na friji za mafuta ya taa kwenye misheni. Tangi chini, utambi, moto mdogo wa bluu, na juu barafu. Hakuna kompresa, hakuna kelele. Ukiona moshi mweusi ujue utambi haujakatwa vizuri. Niliwahi kuambiwa friji ile ni uvumbuzi wa Einstein.

#29 Mwalimu_Chaki
Shikamoo Babu. Einstein alikuwa na friji yake kweli, yeye na Szilárd, walipata hati ya Marekani mwaka 1930, lakini haikuingia sokoni. Ile ya misheni ilitokana na vijana wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, walioivumbua mwaka 1922 wakiwa bado wanafunzi Stockholm. Kampuni ya Electrolux ikaichukua na kuisambaza duniani. Zinazotumia mtungi wa gesi leo ni kanuni ileile.

#30 Babu_Ndanda
Marahaba. Basi hao Wasweden Mungu awalipe, dawa ya nyoka ilikaa humo na iliokoa watu.

#31 Singida_Kavu
Na mtungi mbona hamuutaji? Maji ya kunywa yatoke kwenye friji. Familia ya watu sita, kila mtu anafungua mlango kutafuta maji, nusu ya tatizo iko hapo. Mtungi wa udongo kwenye kivuli, upepo unapita, maji yanakuwa baridi ya kutosha. Hata nyanya na mchicha, chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Huyo mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alipata tuzo kwa kukieneza.

#32 PwaniTulivu
Singida na Dodoma sawa, hewa inakausha. Kisarawe wakati wa masika chungu hakipoi, maji hayakauki kwenye udongo. Ila kutoa maji ya kunywa kwenye friji, hilo nakubaliana nalo popote.

#33 Kiboko_wa_Rufiji
Mimi nilisikia ukitia chumvi kwenye zile chupa za #21 zinakuwa na baridi zaidi na zinakaa muda mrefu zaidi.

#34 Mwalimu_Chaki
Baridi zaidi ndiyo, muda mrefu zaidi hapana. Gramu 100 za chumvi kwa lita ya maji zinashusha kuganda mpaka kama nyuzi 6 chini ya sifuri. Kachumba ka friji la mlango mmoja kakiwa hakafiki hapo vizuri, maji yanabaki uji na hayabebi ile akiba ya kuganda. Chumvi ni ya mwenye friza anayepeleka samaki safari. Kwa friji la nyumbani weka maji matupu.

#35 FundiBaridi
Tukiwa hapo kwenye barafu, kaka #1, kachumba kako kana unene gani wa theluji? Ikizidi nusu sentimita inakuwa blanketi, kompresa inahangaika. Zima mchana, acha mlango wazi, iyeyuke yenyewe. Usigonge kwa kisu. Nimezika friji nyingi zilizotobolewa kwa kisu, na nyingi za sasa zina gesi ya R600a inayowaka moto, siyo kitu cha kuchezea jirani na jiko.

Jingine, bana noti kwenye mlango, funga, vuta. Ikitoka bila kukaza, mpira umechoka. Zungusha pande zote nne. Na friji limekaa wapi?

#36 KisaraweNdani
Theluji ipo, kama kidole. Noti inatoka kirahisi upande wa chini wa bawaba. Friji liko jikoni, bati bila dari, ukuta wa nyuma unapigwa na jua la mchana.

#37 MamaWawili_Handeni
Jikoni na bati tupu. Kaka, hamisha hilo friji hata kabla ya kununua waya.

#38 KisaraweNdani
Wakuu, nimerudi na majibu. Nimenunua waya wa milimita 25, inverta nimeihamishia stoo, sasa iko mita moja kutoka kwenye betri. Friji limehamia chumba chenye dari, limeachia nafasi ukutani. Theluji nimeyeyusha. Mpira bado. Ubuyu unaingia saa tatu na nusu asubuhi. Fundi mmoja wa Masaki kaniazima mita ya wati: siku ya kwanza uniti 0.82, siku ya mawingu 0.79.

Usiku sasa inverta inafika saa kumi na moja alfajiri ndipo inakata. Lakini betri ikishapumzika nakuta 12.0, siyo 12.2 tena.

#39 FundiBaridi
Masaa mawili zaidi. Waya huo! Si nilisema?

#40 MamaWawili_Handeni
Waya au ubuyu? Kilo tano zimetoka usiku zimekwenda mchana, hilo hulihesabu?

#41 Mwalimu_Chaki
Wote mnashangilia mapema. Tazameni hiyo 12.0. Zamani inverta ilikata betri ikiwa nusu, leo inaichimba chini ya nusu. Waya mwembamba ulikuwa unamlinda bila yeye kujua. Friji linatumia 800, inverta 480, taa na tivi 150, jumla 1430. Mavuno 1500, hasara ya betri bado. Amekaribia kulingana, hajavuka. Na akiendelea kufika 12.0 kila alfajiri, hiyo jeli haimalizi mwaka. Apandishe kiwango cha kukata cha inverta, au aongeze paneli moja.

#42 FundiBaridi
Mwalimu, na kama betri yenyewe si Ah 200 tena? Kaka ina umri gani? Ichaji ijae, iwekee taa ya wati 60 ya volti 12, hesabu masaa mpaka ifike 11.8. Ikiwa nzima itabeba masaa ishirini au zaidi. Ikikata kwenye kumi, salfeti, ule ukoko unaojijenga kwenye sahani za betri, imekula nusu na hesabu zote za huu uzi hazina maana.

#43 KisaraweNdani
Ina miaka mitatu. Nitaipima Jumamosi. Hizi hapa picha za paneli, nimepiga saa nane na nusu mchana.

#44 PwaniTulivu
Mkuu, hiyo ya kushoto ina kivuli cha mnazi kinachokatiza kona ya chini. Usione ni kidogo. Seli zimeungwa mfululizo, kona moja ikizibwa umeme wa sehemu kubwa ya paneli unakwama. Kuanzia saa nane mpaka jioni una paneli moja na nusu, pengine moja. Hizo 1500 za Mwalimu hazipo. Na kontrola ya chaji ni ya aina gani, PWM (inayoishusha paneli mpaka volti ya betri) au MPPT (inayogeuza volti za ziada kuwa ampea)? Kama paneli zako ni zile za volti 30 na kitu na kontrola ni PWM, unapoteza zaidi ya nusu ya umeme wake kabla haujafika kwenye betri.

#45 BetriMoja
Kata mnazi. Na usiku zima friji, bado hujajaribu hata siku moja.

#46 KisaraweNdani
Mnazi ni wa mama mkwe, aliupanda mwenyewe, huo haukatwi. Kontrola imeandikwa PWM, nyuma ya paneli nimesoma Vmp 37.2, yaani volti zake ikifanya kazi kwa nguvu yote.

#47 PwaniTulivu
Sasa tumeanza kuongea. Usihangaike na mnazi, paneli mbili zinahamishika kwa siku moja, weka nguzo upande wa kaskazini mwa nyumba ambako kuna uwazi. Kontrola ya MPPT ya ampea 40 inatosha.

#48 FundiBaridi
Asinunue chochote mpaka apime betri Jumamosi. Akinunua MPPT akaiunga kwenye betri iliyokufa, atarudi hapa kutulaumu wote.

#49 Nyika_Kajiado
Na hiyo pesa ya MPPT ukiongeza kidogo unapata friza ya kulala. Nasema tu.

#50 MamaWawili_Handeni
Kaka, ubuyu unaendeleaje? Unaganda kufikia saa ngapi ukiingia saa tatu na nusu?

#51 KisaraweNdani
Siku ya jua umeganda saa kumi jioni. Siku ya mawingu ulibaki laini katikati mpaka saa mbili usiku, ikabidi tuuache kwenye betri.